Msamaha Uliowahi

Basi lilipoiacha Same, Paskali alimwambia mama aliyekaa naye kwamba ametoka gerezani asubuhi ile, kwa msamaha.

"Hongera, mwanangu," akasema Hedwiga.

"Hongera ya nini, mama? Ndio kwanza nilikuwa naanza kufundishwa kusoma humo ndani. Ningemaliza kifungo, ningetoka nikisoma gazeti."

Hedwiga alikuwa hajawahi kuona mtu akiililia jela.

"Huku uraiani," Paskali akauliza, "kisomo cha watu wazima bado kipo?"

"Kilikufa. Hata chaki zilikwisha."

"Na walimu?"

Basi likasimama Hedaru. Zamani Hedwiga angemwambia aje kesho, hata bila daftari.

"Tupo," akasema, akilivuta furushi lake la mitumba. "Hebu nitwishe, mwanangu, nashuka hapa."