Mzee Kamba Aanua Jezi za Mwisho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza vifaa vya timu ya jimbo letu, Mzee Kamba anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wetu hatulijui. Kamba yenyewe aliifunga nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo wiki yake ya kwanza kazini, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuanika kitu juu yake, hata kocha na taulo lake.

Sheria yake ni moja: jezi yenye unyevu haiingii begini. Makocha wamekuja wakaondoka, wenyeviti wamefoka, sheria imebaki palepale. Sheria hiyohiyo nusura imwache bila kazi.

Ulikuwa msimu wake wa pili wa Kombe la Majimbo. Timu yetu, ambayo haikuwahi kuvuka robo fainali, ilifika nusu fainali, tena ugenini. Asubuhi ya safari jezi nyeupe zilikuwa hazijakauka. Akaziacha kambani, akabeba za kijani peke yake. Tulipofika, wenyeji nao wakatoka wamevaa kijani! Refa akasema wageni tubadilishe, la sivyo mechi wanapewa wenyeji. Mwenyekiti wetu, jasho likimtiririka, alimwambia Mzee Kamba kwamba tukipoteza mechi namna hiyo asihangaike kupanda basi la kurudi.

Mzee Kamba alifungua begi. Aligeuza jezi moja ya kijani, akaona kitambaa cha ndani ni cheupe, akaja kwangu mimi, mchua misuli wa timu, akachukua plasta zangu nyeusi zote bila hata kuniuliza. Tukakata namba na kuzibandika migongoni mwa wachezaji huku refa akitazama saa mlangoni. Beki wetu mwenye kifundo kibovu ilibidi acheze bila kufungwa plasta, na hadi leo lawama ananitupia mimi.

Bao letu pekee lilipatikana dakika za mwisho. Mfungaji alikuwa namba kumi na moja, lakini jasho lilikuwa limebandua plasta moja, akabaki namba moja. Mtangazaji wa redio akalitangazia jimbo zima kwamba golikipa wetu amefunga kwa kichwa, na mama wa golikipa akaita majirani kusherehekea. Fainali tulicheza kwa jezi nyeupe, kavu kabisa, tukatwaa kombe.

Mwingine angelegeza sheria baada ya kubanwa vile. Yeye alinunua kamba ya pili, ya kufunga ndani ya basi, na miaka yote hii tumesafiri tukipigwa usoni na mikono ya jezi.

Asante, Mzee Kamba. Asante pia kwa mkeo, aliyetuazima mume muda wote huo na kukubali kumpokea akiwa na kamba zake. Upumzike kwa afya na furaha, na jua la kuanikia lisikukose.

Jumamosi msimu mpya wa Kombe unaanza bila wewe, na roho zinatuuma. Wachezaji waliomba kuingia uwanjani jezi zikiwa zimegeuzwa, refa akakataa. Basi kila mmoja amebandika namba yake ya plasta kwa ndani. Jukwaani hakuna atakayeziona, ila wewe utajua zipo. Na jezi zote, tumezishika moja moja, ni kavu.