Chuma Alichokitafuta Rodion Yefimovich

Kaka yetu Rodion Yefimovich Sichov alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika kijiji chetu cha Podlipye, ukingoni mwa Ziwa Chudskoye, mtoto wa kwanza wa Yefim na Agrafena. Mimi Nina, mdogo wake, ndiye niliyepewa kazi ya kumsema leo, na nitamsema kama alivyokuwa.

Alisoma shule ya hapa hapa. Siku mwalimu alipofundisha jinsi Mwanamfalme Aleksandr alivyowapiga mashujaa wa Kijerumani juu ya barafu ya ziwa letu mwaka 1242, hata barafu ikapasuka wakazama na chuma chao, Rodion alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hicho chuma kiko wapi?"

"Kiko chini."

"Nani kakiona?"

Alisimamishwa pembeni hadi kengele ilipolia. Adhabu ilikwisha, swali halikwisha.

Mwaka 1967 aliingia jeshi la majini huko Kronstadt, na kati ya kazi zote akaomba uzamiaji. Sisi tulijua kwa nini. Aliporudi aliajiriwa karakana ya ushirika wa wavuvi, akachomelea mashua na kufufua injini hadi alipostaafu mwaka 2008. Kila kiangazi, siku za mapumziko, alizama ziwani.

Alitoa nanga, baiskeli, na samovar, birika kubwa la chai, isiyo na bomba. Mara moja alitoa bamba zito la chuma, kijiji kizima kikakusanyika, na mwalimu wetu mzee akavua kofia. Mama alilitazama akasema, "Huu si mlango wa jiko la bafu letu la mvuke?" Baba alikuwa ameapa kwamba jiko lile liliibwa. Kumbe lilimzamia pamoja na sleji, kile kigari cha kuteleza barafuni, alipokuwa akilivusha juu ya barafu, akaona aibu kusema. Siku hiyo Baba alikula chakula cha jioni kwa jirani.

Rodion alimuoa Glafira Osipovna tarehe 20 Julai 1974. Glafira hakuamini kwamba mtu yeyote alizama. Alisema Wajerumani walipigwa, wakakimbia, basi. Habari ya jiko haikumtikisa.

"Baba mkwe alivuka mwezi gani?" alimuuliza.

"Mwishoni mwa Aprili, barafu ikiyeyuka."

"Na vita?"

"Mwanzoni mwa Aprili, ikiwa bado nene."

"Haya, kula samaki wako."

Walibishana hivyo miaka arobaini na mitano, wala hawakuchokana. Mimi niliyekaa nao nyumba moja ndiye niliyechoka.

Mwaka jana moyo wake ulianza kudhoofika, na daktari akamkataza maji. Hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Alikaa ukingoni akitazama ziwa, na chakula kikawa hakipiti. Mwezi Agosti mwaka huu wa 2019 mwanawe Vadim alivuta wavu mbele yake, na ndani mkawa na kipande cha kofia ya chuma ya vita, kimejaa matope na kutu.

Rodion alikigeuza, akakinusa, akakikwaruza kwa ukucha.

"Glafira."

"Abee."

"Nani kakutengenezea hiki?"

Glafira alilia. "Mhunzi mmoja wa mji wa Gdov. Nilitaka ukipate kabla hujaondoka, mzee wangu."

Rodion alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Miaka yote unaniambia hawakuzama. Leo umemzamisha mmoja kwa ajili yangu!"

Jioni ile alikula sahani mbili. Kisha akatuusia kwamba chuma hicho kisirudishwe majini, asije mtafutaji mwingine akadanganyika. Azikwe nacho.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 2019, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Ameacha mjane, Glafira, watoto wawili, Vadim na Larisa, wajukuu watatu, mimi dada yake, na mavazi ya kuzamia ambayo hakuna anayethubutu kuyatupa.

Jana, akimwekea kipande kile mkononi, Glafira aliinama akamwambia, "Hawakuzama, mzee wangu. Lakini ukikutana nao huko, waulize."

Kapumzike, kaka. Udongo wa Podlipye ukulalie mwororo.