Sista Glenys na Ngazi Zake Hamsini na Mbili

Sista Glenys Tranter anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na sita katika wodi ya kifua ya hospitali hapa Wollongong. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu nimesukuma vitanda hapa miaka thelathini na moja, na hajazaliwa anayevisukuma kunishinda. Shule niliiacha mapema, lakini ukweli naujua.

Ukweli ni kwamba mama huyu anachosha. Siku hizi pafu linapasuliwa kwa vitundu vitatu tu, watu wanadhani ni kama kung'oa jino. Yeye hataki kusikia. Kila mgonjwa, kabla ya kupasuliwa, lazima apande naye ngazi hamsini na mbili za nyuma, huku anamsikiliza pumzi. Atauliza umri, moyo, sukari, kama umekonda. Habari za sigara hamuulizi mgonjwa. Anamuuliza mkewe.

Mwaka juzi ikawa zamu yangu: donge, pafu la kulia. Nikamwambia sigara nimeacha miezi miwili. Ngazi nilizipanda zote, tena kwa kasi, vijana wa maabara wakiona. Yeye akampigia simu mke wangu, Noelene, naye bila haya akasema nimevuta asubuhi hiyohiyo nyuma ya banda la kuku.

Sista akataka upasuaji uahirishwe mpaka niache kweli; daktari akasema donge linaweza kungoja wiki nne, si zaidi. Nilifoka wodi nzima ikasikia: kitu kinakua ndani yangu na yeye anahesabu sigara. Hakuinua sauti.

"Merv, donge litatoka. Mimi naogopa ya baadaye: pafu livuje hewa, makohozi yakwame, upate nimonia. Mpasuaji atakuwa kwake anakula. Atakayebaki na wewe ni mimi."

Wiki hizo nne sitaki kuzikumbuka. Alinipa kidude cha plastiki chenye vipira, nivute pumzi kila saa mpaka vipira vipae juu. Hata kwenye chumba cha chai alinifuata. Wapishi aliwakataza kunipa kiberiti.

Nikapasuliwa. Jirani yangu wa kitanda, aliyedanganya kama mimi ila hana mke wa kumchongea, bomba lake la kifuani lilitoa mapovu ya hewa inayovuja siku kumi na moja. Langu lilitolewa siku ya pili.

Sista, nimekukasirikia miaka miwili, na miaka hiyo ninayo kwa sababu yako. Asante. Nenda upumzike na afya yako, usituwaze.

Anayechukua nafasi yako ameniuliza kama zile ngazi ni lazima. Hajaanza kazi na tayari amenichosha. Jumatatu nitampandisha mwenyewe.

Merv Hackett, msukuma vitanda