Phineas Ngumbao Mwaringa (1953–2025): Mnyoshaji wa Santuri wa Kibarani

Phineas Ngumbao Mwaringa alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1953 huko Magarini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwaringa Ngumbao na marehemu Mama Kanze. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mahindi na mikorosho, na walitaraji mtoto wa jembe. Mulungu akawapa mtoto wa masikio. Akitumwa shambani kufukuza nyani, alikutwa kwa jirani, sikio limeganda kwenye redio, na nyani wanakula mahindi kwa raha zao. Mamaye alikuwa akisema, "Huyu kanyonya muziki, hakunyonya maziwa." Viboko alivipata vya kutosha, lakini masikio hayakupona.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Magarini toka mwaka 1961 hadi darasa la saba mwaka 1967. Hesabu alizipenda. Nyimbo nazo alizipenda, ila mwalimu alimwomba kwa upole asiimbe, kwa kuwa sauti yake iliwapoteza wenzake. Hili si la kufichwa, yeye mwenyewe alilisimulia bila haya: Phineas hakuweza kuimba hata kidogo. Alijua tu, kuliko wote, nani ameimba sawa na nani amebabaisha. Mwaka 1971 alikwenda Mombasa kujifunza ufundi wa redio, akarudi na cheti na shati la maua ambalo babake hakulipenda.

Januari 1973 aliajiriwa na hoteli moja ya Malindi kupiga santuri za dansi. Huko ndiko alikomwona Gladys Nyale, binti wa Kibarani, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ndogo iliyokuja kutumbuiza wageni. Sauti ya Gladys! Waliomsikia wapo hapa, na waulizwe. Mwaka 1975 bendi ile ilikwenda Mombasa ikarekodi santuri moja ndogo, wimbo mmoja kila upande. Nakala zilikuwa chache, bendi ikavunjika, na baada ya miaka michache aliyebaki na nakala ni Gladys peke yake.

Walifunga ndoa kanisani Kilifi tarehe 18 Desemba 1976. Siku ya posa wazee walimwuliza binti amempendea nini fundi redio huyu. Gladys akajibu, "Wote hunisifu. Huyu ndiye aliyeniambia pale katikati nimekosea." Wazee wakacheka, mnazi ukanyweka, shughuli ikaisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Cynthia na Peterson.

Sasa yafaa lisemwe lile la shangazi, maana bila hilo Kibarani isingepata fundi wake. Cynthia alipozaliwa mwaka 1981, Shangazi Dama, Mungu amrehemu, alikuja kumtazama mtoto. Asubuhi akapika mbaazi za nazi, akaziepua, akatafuta kawa la kufunikia asilione. Mezani palikuwa na kitu cha duara, cheusi, kisafi, tena kinang'aa. Shangazi hakuuliza mtu. Gladys alipoingia jikoni alikuta santuri yake imekaa juu ya sufuria ya moto, imelegea na kubonyea katikati kama bakuli.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimefunika mbaazi, mwanangu. Nzi hawa, huwaoni?"

Ukoo mzima umecheka kwa habari hiyo, na Shangazi mwenyewe aliicheka mpaka kufa kwake. Gladys hakucheka. Phineas alimwambia, "Mama Cynthia, hii nitainyosha. Nipe muda nijifunze." Mwaka 1988 Gladys akatolewa uvimbe wa koo. Alipona, "namshukuru Mungu," mwenyewe asema hivyo, lakini sauti ya kuimba haikurudi. Tangu siku hiyo kile kibakuli cheusi, kilichotundikwa ukutani ndani ya mfuko wa kitambaa, hakikuwa tena kichekesho cha jamaa. Ndicho kilichobaki na sauti yake.

Basi Phineas akajifunza. Alianza kwa kuharibu. Santuri ya kwanza aliipiga pasi ya makaa, ikashikamana na pasi, na Gladys akakosa pasi ya Jumapili. Mwishowe akapata njia yake. Hoteli ilipofungwa alihamia kabisa hapa Kibarani, na barazani pake pakawa na vioo viwili vya dirisha, vizito, vimesuguliwa kingo. Santuri iliyopinda huoshwa, hukaushwa, huwekwa katikati ya vioo hivyo na kuanikwa juani. Wala si jua lolote. "Jua la Juni lina adabu," alikuwa akisema, "la Februari halijafunzwa na mamaye." Kisha aliweka kiganja juu ya kioo na kusali Baba Yetu. Mkono ukishindwa kabla ya "utupe leo riziki yetu," moto umezidi, kimbiza kivulini. Ukifika amina na mkono umestarehe, bado. Mzee Abdurahman, rafiki yake wa Malindi, alipotaka kujifunza, aliuliza yeye asiyejua sala hiyo afanyeje. "Soma Alhamdu," Phineas akamjibu, "lakini usiende mbio kama anayechelewa mnada wa samaki." Baada ya hapo vioo huachwa kivulini vipoe vyenyewe. Anayefungua kwa haraka hujuta.

Santuri ambazo tundu lake limebana alizipanua kwa msasa uliokunjwa, taratibu, huku akipuliza vumbi. Zenye tundu kubwa alizikatia pete kutoka kwenye ndara kuukuu, na nyumba ile ilikuwa haina ndara nzima hata moja. Zile ambazo kiwanda kilitoboa tundu kombo, zikawa zinayumba kama mtu atokaye mangweni, alizisogeza kidogo kidogo mpaka mkono wa sindano ukatulia. Watu walileta santuri kutoka Lamu, Mombasa, hata Tanga. Vijana waliokuwa wakimcheka miaka ya kaseti ndio waliopiga foleni santuri ziliporudi kupendwa. Tuseme wazi, kwa kuwa yeye hakujisifu: pwani hii hakukuwa na mwingine kama yeye.

Lakini ile ya mkewe hakuigusa. Miaka ilipita, bado ipo ukutani. Mganga hajigangi. Gladys alimtania, "Za wenyewe zote zimenyooka, yangu umeifanya urithi wa bakuli." Naye hujibu, "Za wenyewe zikivunjika nitaomba radhi. Hiyo ikivunjika nitamwomba nani?" Ndivyo ilivyokuwa. Hodari yule alikuwa mwoga wa kitu kimoja tu duniani.

Aliyemtoa woga ni Bi Zeina, dadake Abdurahman, aliyeleta santuri ya harusi ya mamake mwezi wa Januari 2024. Alipoisikia imenyooka alilia hapo barazani bila kujificha. Kisha akaona mfuko ukutani, akauliza, akaelezwa. Bi Zeina akamkazia macho. "Wewe waogopa kuipoteza, sivyo? Kwani sasa hivi yaimba?" Phineas akamgeukia mkewe. Alimwambia Gladys jua la Juni likija, watainyosha.

Tarehe 6 Machi 2024 alipatwa na kiharusi. Alilazwa Kilifi, akarudi nyumbani akiongea vizuri lakini mkono wa kulia umelegea na wa kushoto unatetemeka. Ole wetu, alilia siku hiyo, na hakuwa mtu wa kulia. Hakuililia nafsi yake. Alisema, "Nimengoja mpaka mkono umekwenda. Chelewa chelewa hii imenifika mimi." Gladys akamjibu kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, "Mkono si wako peke yako, Baba Cynthia. Mimi sina?"

Basi Juni ilipofika, Phineas alikaa kitini na Gladys akawa fundi. Aliiosha, akaikausha, akaiweka katikati ya vioo, akaanika. Akaweka kiganja chake juu ya kioo na kuanza, "Baba yetu uliye mbinguni..." Phineas akamkatiza, "Polepole, mwanamke, huyo Mungu haendi popote." Hawakuinyosha kwa mara moja, kwa kuwa mbonyeo ule ulikuwa mkubwa. Kila jua likiwa na adabu, vioo vilitoka nje. Kisha Gladys akapanua tundu kwa msasa, mumewe akimwongoza kwa macho na kwa ukali. Waligombana sana. Majirani wa Kibarani ni mashahidi.

Siku walipoipiga, sindano iliruka mahali pamoja, na hapo huruka hadi leo. Kwingine kote iliimba. Gladys alisikiliza akiwa amesimama, mkono kifuani, mpaka mwisho, ndipo akasema, "Lo! Mwanamke yule alikuwa na mapafu." Na Phineas, aliyekuwa akifuta machozi kwa bega, akasema, "Na pale katikati bado umekosea."

Waliisikiliza kila siku baada ya chakula cha mchana. Mwezi wa Julai mwaka huu alipatwa na kiharusi cha pili, akauguzwa hospitalini Kilifi kwa mapenzi makubwa, na jamaa yawashukuru madaktari na wauguzi. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, Gladys akiwa amemshika mkono ule uliolegea.

Ameacha mjane, Gladys Nyale; watoto, Cynthia na mumewe Nahashon, na Peterson; wajukuu wanne; dada yake mkubwa, Kanze; na rafiki zake wa baraza, wakiwemo Mzee Abdurahman na Bi Zeina, ambao wameketi nasi hapa.

Marehemu aliacha neno moja kuhusu siku hii ya leo. Alisema spika za kukodi na nyimbo za simu asiletewe. Wakati wa kumshusha, isikike santuri moja tu, na sindano iwekwe na fundi aliyeinyosha. Twamwomba sasa Mama Gladys asogee kwenye gramafoni. Tusimame, tunyamaze, na ikiruka katikati asishtuke mtu. Pumzika kwa amani, Baba Cynthia. Sikiliza, mkeo anakuimbia.