Wanafunzi Arobaini na Mmoja wa Mwalimu Mwanamvua

Bismillahi. Assalamu alaykum wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi mliotoka chuoni. Kabla jeneza halijanyanyuliwa kwenda msikitini, mimi Mikdad, mdogo wa marehemu, nawasomea habari za dada yangu. Karatasi mlizoshika zimechapwa leo asubuhi, lakini mengi yaliyomo aliyapanga marehemu mwenyewe akiwa kitandani. Nani angemzuia?

Marehemu Mwalimu Mwanamvua binti Shuaibu Mwinyimvua alizaliwa Miono tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa pili wa Mzee Shuaibu na Bi Sada, wakulima wa mihogo na ufuta. Marehemu mama yetu alikuwa akisimulia kwamba binti huyu, hata kusema vizuri bado, alishapanga viatu vya wageni mlangoni jozi kwa jozi, na mtu akivaa vya mwenziwe anamshika kanzu. Alikuwa hivyo mpaka jana.

Alisoma Shule ya Msingi Miono kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari mkoani Morogoro, kisha akasomea ualimu Tanga na kuhitimu mwaka 1983. Alifundisha shule za msingi miaka kumi na mmoja. Januari 1995 alihamia Chuo cha Wananchi Kiembeni, hapo Kerege, kufundisha ushonaji, na baadaye akawa mratibu wa mafunzo hadi alipostaafu Machi 2022.

Tarehe 9 Agosti 1986 aliolewa na Bwana Ishaka Husseni, seremala wa Bagamoyo mjini. Siku ya nikaha bwana harusi alichelewa nusu saa, maana alikuwa bado anapiga vanishi kitanda cha maharusi. Bibi harusi akatuma ujumbe kutoka ndani kwamba akizidisha dakika kumi nyingine, kitanda hicho atakilalia peke yake. Shemeji alifika na vanishi vidoleni. Huisimulia habari hii mwenyewe, na leo pia ameomba isomwe.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo marehemu alitaka lisirukwe. Mwaka 2016 waliandikishwa wanafunzi sitini na wanne wa ushonaji, wengi wao akina mama vijana. Kufika Novemba walibaki ishirini na watatu. Wakubwa wakauliza kuna nini, na pakawa na maneno ya kuifunga fani yenyewe. Mwalimu Mwanamvua akajitwika kazi ya utafiti. Akatunga dodoso la maswali ishirini na mawili, akaligawa kwa mkono wake kwa waliobaki na kwa walioacha aliowapata, akasimama hapo hapo akingoja wajaze. Maji? Yapo. Mashine? Nzuri. Walimu? Tunashukuru Mungu. Karibu kila mtu karidhika na kila kitu.

Jamani, huku kwetu Pwani nani atamwambia mwalimu wake ubaya usoni? Mtu ana homa ya siku tatu, ukimsalimu anakujibu sijambo. Wenzake walimpongeza kwa matokeo yale mazuri, na yeye alifurahi kweli, siku mbili hivi. Siku ya tatu akaketi na zile karatasi akamuuliza mumewe, kama wote hawa wameridhika, wamekwenda wapi?

Ndipo akaanza kuwafuata majumbani. Mapinga alikwenda kwa Saida, binti aliyeacha chuo mwezi wa nne. Saida alimpa shikamoo, akamkaribisha chai na vitumbua, akajibu maswali yote ishirini na mawili kwamba hakuna tatizo. Mwalimu akafunga daftari, akaaga. Saida akajifunga khanga, akambeba mwanawe, akamsindikiza kama ada. Walipopita viwanja vya watu wa mjini na barabara ikaanza kuonekana, binti akasema, "Mwalimu, umeniuliza maji na mashine. Geti hukuniuliza."

"Geti lina nini?"

"Unalifunga saa moja na nusu. Mimi nanyonyesha, natokea huku. Umenirudisha mara tatu. Mara ya nne nikaona aibu, sikuja tena."

Geti lile Mwalimu alilifunga mwenyewe kwa miaka, na akijisifia. Kesho yake alitoa kabatini daftari la wachelewaji, ambalo aliliandika kwa mkono wake, akatafuta majina ya walioacha. Yalikuwemo yote arobaini na moja.

Tangu hapo alibadili namna ya kuuliza. Maswali ya kwenye karatasi aliyamaliza haraka, akanywa chai, akaaga, kisha akatembea polepole. Aliyoyasikia njiani ndiyo aliyoyaandika. Katika ripoti aliweka sentensi moja iliyozua mjadala: kwamba sababu kuu ya wanafunzi kuacha ni kufungiwa geti, na anayefunga ni mwandishi wa ripoti hii. Mkuu wa chuo wa wakati ule, kwa nia njema tu, alimwomba aandike "utawala" ili asijiharibie akiwa karibu na kustaafu.

"Mkuu," alimwambia, "funguo ninazo mimi."

Sentensi ikabaki. Alipewa barua ya onyo kwa ajili ya lile geti, nayo akaipokea. Lakini fani haikufungwa. Kuanzia 2018 masomo ya akina mama yalianza saa tatu, na stoo moja ikasafishwa ikawa chumba cha watoto. Mwaka uliofuata waliandikishwa sitini, wakahitimu hamsini na mmoja. Vyuo vingine vilikuja kujifunza, naye aliwafundisha kuaga na kutembea polepole.

Utafiti ulikwisha, yeye hakuumaliza. Alianza upya kuwatafuta wale arobaini na mmoja, safari hii bila dodoso, kuwaomba radhi mmoja mmoja. Hata kisukari kilipomshika miguu mwaka 2023 alikodi bodaboda akaenda, na sisi wa nyumbani tulimgombeza sana. Figo zilipochoka, Machi mwaka huu, alilazwa Dar es Salaam mara mbili. Mimi nilimwambia habari hii ya geti tusiiandike, marehemu hasemwi vibaya. Akacheka mpaka akakohoa. "Bado sijawa marehemu, najisema mwenyewe. Andika." Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa pembeni.

Ameacha mume, Bwana Ishaka Husseni, watoto watatu, Adila, Farhan na Najma, wajukuu watano, mdogo wake Mikdad, na wanafunzi ambao hakuna awezaye kuwahesabu.

Ndugu zangu, ada yetu ni kuuliza hapa kama yupo ambaye marehemu alimkosea, nanyi huitikia kwa pamoja kwamba mmemsamehe, hata ambaye hakumjua. Leo tunawaomba mnyamaze kidogo. Kati ya wale arobaini na mmoja aliwafikia thelathini na wanane, na wote walimpa mkono. Watatu hakuwapata mpaka pumzi inamwishia: Mardhiya wa Miono, Lulu wa Kerege aliyehamia Tanga, na Samia aliyekuwa akitokea Mapinga. Kama mpo hapa, au yupo anayewajua, swali ni lenu peke yenu. Dada yetu aliwakosea, na alilijua hilo. Msimjibu kwa adabu. Mkiweza kumsamehe kwa moyo, msameheni.

Mola ampe pumziko jema, Mwalimu Mwanamvua.