Rukundo, Mwana wa Mchoma Makaa

Leo tunamsindikiza Rukundo Pacifique, aliyezaliwa Masisi, Kongo, tarehe 4 Mei 1987. Hiyo ni tarehe aliyozaliwa mtoto wa mwami, mtawala wa kwetu. Mtoto huyo alitekwa na watu wenye bunduki mwaka 1996 na hakuonekana tena. Mwami mwenyewe aliuawa, na mdogo wake akakalia kiti.

Mwaka 2004 kijana mmoja alifika kambi ya Gihembe, Rwanda, akasema ndiye. Nyiraneza, binti wa mwami, anayesoma wasifu huu, alimhoji. Jina la ng'ombe wa mama alilitaja bila kusita. La mbwa alilikosea, kisha akabisha kwamba mbwa ndiye aliyebadilishwa jina. Walicheka hadi machozi, na tangu siku hiyo wakaitana kaka na dada.

Alimaliza sekondari kambini. Mwaka 2011 alihamia Minnesota, akaendesha basi la wanafunzi huko Blaine. Wakati wa baridi hakuondoa basi kabla mtoto hajafunguliwa mlango kwao.

Tarehe 14 Juni 2014 alifunga ndoa na Gentille, Oakdale. Wazee wa ukoo wa mwami, wakiongozwa na Mzee Sosthène aliyeketi hapa mbele, walikataa kumpelekea mahari mpaka asimame kanisani akiri kwamba baba yake alikuwa mchoma makaa, ili asije akadai kiti. Alikiri. Walimpigia makofi. Kama ulikuwa ukweli au alimtaka Gentille tu, hakuna aliyejali.

Mwaka jana figo zake zilishindwa. Madaktari waliomba ndugu wa damu apimwe. Nyiraneza alijitolea, marehemu akakataa katakata.

"Dada, wakipima wakakuta si miye, nitabakia na nani?"

Dada alimkasirikia, na hasira hiyo haijaisha. Rukundo alifariki Saint Paul, Jumanne, tarehe 13 Januari 2026.

Baba mdogo aliyekalia kiti alifariki Desemba, bila mtoto. Juzi Mzee Sosthène alipiga simu akitaka wasifu huu useme marehemu alikuwa mwana wa mwami. Wanamtaka Mugabo, mwana wa marehemu mwenye miaka kumi, wamkalishe kwenye kiti, wao watawale kwa jina lake.

Wazee, mlimtaka mwana wa mchoma makaa. Ndiye mnayemzika. Mjukuu wa mchoma makaa anarudi shuleni Jumatatu.

Ameacha mke, Gentille, mtoto, Mugabo, na dada, Nyiraneza, na asithubutu mtu kumuuliza ni dada kivipi.

Mungu ampe pumziko tulilomnyima.