Mzee Nikodemo na CD ya Wanawake wa Lukozi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Mzee Nikodemo Shechambo, fundi mitambo wa kituo chetu cha mafunzo ya wakulima hapa Lushoto, anastaafu baada ya miaka thelathini ya utumishi. Sherehe ya kumuaga itafanyika ukumbini saa nane mchana. Mwenyewe ametuma salamu kwamba hatakuja. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, Efrazia wa masijala, na kwa kuwa sababu ya yeye kutokuja ninaijua kuliko wote, nitaieleza.

Alianza mwaka 1976 kama fundi wa gari la sinema. Enzi hizo kituo kilikuwa na gari, jenereta na shuka kubwa jeupe, naye aliwapelekea wakulima masomo hadi vijijini kwao. Wakongwe wa hapa hawajaisahau safari ya kijiji cha Mnazi, alipoonyesha filamu ya wadudu waharibifu wa mahindi. Mwanga uliwaita nondo wa bonde zima, wakajaa juu ya shuka, na wakulima wakampongeza kwa picha zilizo wazi kiasi kile. Mzee hakuwasahihisha. Alisema somo limeeleweka.

Kisha likaja soko huria. Ruzuku ikakatwa, gari likauzwa kwa mnada, na wenzetu wengi wakapunguzwa kazini. Karakana ikabaki na Mzee Nikodemo peke yake na spana zake. Redio kaseti alijifunza kwa kuzifungua, na kompyuta vivyo hivyo. Aliyeingia karakana bila shikamoo alirudishwa mlangoni aanze upya, hata kama ametumwa na mkuu wa kituo. Tulikuwa tukicheka sana juu ya hilo, lakini siku hizi tumebaki wachache na vicheko vyenyewe vimepungua.

Mwaka 1989 alirekodi kwenye kaseti wanawake wa Lukozi wakiimba kwa Kishambaa wimbo wa kuhifadhi viazi. Ubeti wa mwisho aliuimba peke yake mama yangu, Modesta. Kaseti ilipoanza kuharibiwa na unyevu wa huku milimani, wimbo ukahamishiwa kwenye CD, na kaseti ikatupwa. Mama alifariki Machi mwaka huu. Nyumbani tulitaka sauti yake isikike siku ya arobaini, maana hatukuwa na nyingine, nami nikamwomba Mzee atutolee nakala.

Laptopu ya kituo ilipowekewa ile CD ilinguruma na kutetemeka hadi chai ikacheza kikombeni. Wimbo wa pamoja ulitoka, lakini ukikaribia zamu ya mama mashine ilikwama. Mzee aliiweka laptopu juu ya kitambaa kilichokunjwa, haikusaidia. Akapuliza vumbi, akajaribu CD nyingine, nayo ikazunguka kimya. Basi laptopu haikuwa na kosa. Akaigeuza CD yetu na kuikuta karatasi ya "Mali ya Kituo", ile ambayo baada ya ukaguzi tuliamriwa kuibandika kwenye kila kitu, viti hadi ndoo. Alikuwa ameibandika yeye mwenyewe, kwa gundi, upande mmoja karibu na ukingo. Alinieleza kwamba ni kama gurudumu la baiskeli lenye tope upande mmoja, likienda kasi lazima liyumbe. Alikuwa sahihi.

Akaibandua taratibu kwa ukucha. Karatasi ikatoka pamoja na utando unaong'aa wa CD, na pale ulipokuwa ikabaki plastiki tupu, tukaliona dirisha kupitia kwake. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba sauti hukaa kwenye utando ule, chini tu ya karatasi, na kwamba mwisho wa rekodi ulikuwa pale pale karibu na ukingo. Aliirudisha mashineni, ikazunguka bila kelele yoyote. Wanawake wakaimba wote pamoja mpaka karibu na zamu ya mama, kisha basi.

"Mwanangu," aliniambia, "nimemzika mama yako mara ya pili."

Nililia tu. Tangu siku hiyo hanywi chai na sisi. Hupitia mlango wa nyuma, na shikamoo yangu huiitikia akitazama chini. Wenzangu wamemwambia ajali haina kinga, hataki kusikia. Arobaini tuliifanya bila sauti ile, na ilikuwa nzito, siwezi kudanganya.

Lakini wasifu wa mtu hauwezi kuishia kwenye ukucha wake. Sauti hiyo tulikuwa nayo miaka kumi na saba kwa sababu fundi mmoja alibeba redio kaseti mabegani hadi Lukozi, wakati hakuna ofisi iliyofikiri kwamba wanawake wa mashamba ya viazi wana la kusikilizwa. Mama aliizungumzia siku hiyo mpaka alipougua.

Mzee Nikodemo, mama yangu alikufa kwa maradhi ya kifua. Hakufa mikononi mwako, na kwetu hakuna anayekudai. Kituo kinakushukuru kwa kazi yako yote, nasi tunakuombea afya, usingizi mzuri na viazi vingi huko kwako Rangwi. Ijumaa nitakuja mwenyewe karakana kukuchukua. Ukumbini nimekuwekea kiti kando yangu, mahali ambapo angekaa mama.